Slasha Iliyotetemeka Kiritiri

Paukwa!

Ukishaitika, sogea karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina trekta, dereva wake, mama mmoja fundi, na msichana wa gredi ya nane aliyekataa kurudi nyumbani mpaka aone mwisho wa mambo. Watu hawa nimewabuni mimi. Mahali pao pako kwenye ramani, na vyuma vyao ni vya kweli. Kila hesabu nitakayoitaja unaweza kuipiga mwenyewe kwenye daftari.

Ukitoka mji wa Embu ukipanda kuelekea Mlima Kenya, unapita kahawa na makadamia, halafu majani chai, na mashamba yameegemea miteremko ambayo trekta haipendi. Ukishuka upande wa Mbeere, nchi inanyooka na kukauka: Siakago, Ishiara, Kiritiri. Huko kuna mtama na ndengu, mbuzi wengi, mawe, visiki vya migunga na vichuguu vigumu kama saruji. Meru nayo ina sura zake. Matuta ya Imenti yamepandana, lakini ukifika Timau unakuta ngano na shayiri zimelala kwenye tambarare pana. Kwa hiyo trekta za kufyeka nyasi huzioni sana katika kona za barabara ya Embu kwenda Meru. Ziko juu huko Timau, na ziko chini huko Mbeere.

Mbeere hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Mvua hizo zinanyesha, shule zinafungwa, wanafunzi wanakwenda likizo, na nyasi hazina likizo. Januari ikifika, uwanja wa mpira umekuwa kichaka.

Slasha ya mkono unaijua. Huenda umewahi kupimiwa kipande cha uwanja na kuambiwa ukimalize kabla ya kengele. Slasha ya trekta hufanya kazi ileile, ila namna yake ni nyingine kabisa, na lazima uijue kabla hatujaendelea.

Nyuma ya trekta, chini kidogo ya kiti cha dereva, kuna kishafti kifupi kinachochungulia nje. Unene wake ni kama milimita 35, na kimechongwa meno sita kwa urefu. Wenyewe wanakiita pi-ti-o. Kazi yake ni kuchukua nguvu ya injini na kuikabidhi mashine nyingine: slasha, pampu ya maji, mashine ya kupukuchua mahindi. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza trekta yenye kishafti hiki mwaka 1918. Mwaka 1927 wahandisi wa huko wakakubaliana kuhusu kipimo chake na mwendo wake, ambao baadaye uliwekwa kuwa mizunguko 540 kwa dakika. Makubaliano hayo ndiyo yanayowezesha trekta iliyoundwa nchi moja kufungiwa slasha iliyoundwa nchi nyingine, zikakutana mara ya kwanza Kiritiri na bado zikashikana.

Kutoka kwenye pi-ti-o kuna shafti ndefu. Ni bomba mbili, moja imeingia ndani ya nyingine, ili shafti iweze kurefuka na kufupika slasha inapoinuliwa na kushushwa. Kila ncha ya shafti ina kros: msalaba mdogo wa chuma uliobanwa kati ya uma mbili, unaoiruhusu shafti kupinda huku inazunguka. Mwisho wa shafti ni giaboksi, iliyokaa juu ya mgongo wa slasha. Giaboksi inapokea mzunguko uliolala na kuutoa ukiwa umesimama, na pia inauongezea kasi. Kwa slasha nyingi za futi tano, visu huzunguka karibu mara 1,000 kwa dakika.

Chini ya giaboksi kuna sahani nzito ya chuma. Kwenye kingo zake mbili zinazotazamana vimefungwa visu viwili, kila kimoja kwa bolti moja nene. Kisu chenyewe hakibanwi. Kinaning'inia na kuchezacheza, makusudi. Sahani ikizunguka kwa kasi visu vinajinyoosha vyenyewe kuelekea nje, na kimoja kikigonga jiwe kinakunjika kurudi nyuma badala ya kuvunjika.

Slasha ya hadithi yetu ina upana wa futi tano. Ncha ya kisu iko sentimita 75 kutoka katikati. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, ncha hiyo inakimbia kilomita 280 kwa saa. Iweke namba hiyo kichwani, tutaihitaji.

Sasa basi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya likizo. Dereva alikuja asubuhi akitokea upande wa Ishiara, akafyeka mistari miwili ya uwanja wa shule moja ya Kiritiri, akasimama. Usukani ulikuwa unamtetemesha mikono hadi kwenye viwiko. Kioo cha pembeni kilikuwa kinaonyesha kila kitu mara mbili. Akapunguza mafuta, trekta ikatulia. Akaongeza, mtetemo ukarudi.

Pale getini hapakukosekana wataalamu. Mwendesha bodaboda mmoja akasema, "Hiyo ni beringi. Nunua beringi." Mzee aliyekuwa anapeleka mbuzi akasema dereva amegonga kisiki na sahani imepinda. Mwingine akashauri aendelee polepole tu, kazi iishe. Kila mmoja alikuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa ameinama kutazama. Hapo ndipo mtu hununua beringi asiyoihitaji, akailipia, akaifunga, na slasha ikaendelea kutetemeka kama jana.

Dereva alipiga simu Runyenjes. Saa sita hivi mama fundi akashuka kwenye pikipiki na sanduku lake la spana, ndani ya ovaroli ya buluu iliyofuliwa mara nyingi bila madoa ya oili kutoka. Alisalimia watu, akamwambia dereva aizungushe slasha kidogo kisha azime, akamwendea, akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Dereva akadhani anataka kuwasha. Mama akautia mfukoni mwa ovaroli na kuvuta zipu. Kisha akasimama tu, anatazama.

"Mama, tunangoja nini?" msichana akauliza.

"Visu, mwanangu. Trekta imezimwa lakini visu havijui. Sahani nzito ikishapata mbio huendelea kuzunguka kwa muda, bila kelele. Wengi wamepoteza vidole hapo kwa sababu walisikia kimya wakadhani kimesimama."

Vilipotulia kabisa, akaagiza magogo manne manene. Slasha ikainuliwa, magogo yakawekwa chini ya pembe zake, ikashushwa juu yake. Hakukubali iachwe imeinuliwa na mikono ya trekta peke yake, kwa sababu mikono ile inashikiliwa na oili, na bomba moja la oili likipasuka slasha yote inashuka mara moja. Usiingize hata kidole chini ya mashine iliyoinuliwa na oili.

Mimi ningekuwa mwalimu wa ufundi, hapo ndipo ningemsimamisha kila mwanafunzi kwa dakika nzima. Mama yule alikuwa bado hajashika spana, lakini alikuwa ameshafanya kazi kubwa kuliko zote za siku ile: alihakikisha kila mtu atarudi nyumbani na mikono miwili.

Kisha akakaa juu ya gurudumu la akiba na kuanza maswali.

"Kijana, inatetemeka lini?"

"Muda wote, Mama."

"Haiwezi kuwa muda wote. Ukienda na mafuta kidogo?"

"Hapo inatulia. Nikiongeza inaanza."

"Ukiiinua juu kabla hujazima pi-ti-o, inapungua au inazidi?"

Dereva akafikiri kwanza. "Inazidi. Lakini hata ikiwa chini, bado ipo."

"Umegonga kitu?"

"Kisiki, Jumamosi."

"Ilianza Jumamosi?"

"Hapana," akasema polepole. "Ilianza Ijumaa, nilipobadilisha kisu kimoja. Na wiki iliyotangulia kros ya upande wa trekta ilibadilishwa njiani, nayo ikaanza kunguruma kidogo."

Mama akamgeukia msichana. "Umesikia? Kisiki kilikuja baada ya ugonjwa. Na magonjwa ni mawili."

Alijuaje kuwa ni mawili? Hapa inabidi tupige hesabu pamoja.

Visu vinazunguka mara 1,000 kwa dakika, yaani karibu mara 17 kwa sekunde. Kisu kimoja kikiwa kizito kuliko mwenzake, slasha inavutwa upande wake kila mzunguko, mara 17 kwa sekunde. Shafti nayo inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Lakini kros iliyopinda husumbua mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo mtetemo wake ni mara 18 kwa sekunde. Mkono wako ulioshika usukani hauwezi kutofautisha 17 na 18. Hata mkono wa fundi hauwezi. Ndiyo maana mama hakujisumbua kuupima mtetemo kwa mkono. Aliuliza kuhusu kuinua.

Kisu kizito hakijali slasha iko juu au chini. Kitaitikisa vilevile. Kros inajali sana, kwa sababu slasha ikiinuliwa, shafti inapinda zaidi. Mtetemo unaozidi ukiinua unatoka kwenye shafti. Mtetemo unaobaki ukishusha una chanzo kingine. Dereva alikuwa na yote mawili, na swali moja tu lilitosha kuyatenganisha.

Lakini kwa nini kros iliyopinda isumbue? Hili liliwashughulisha wataalamu tangu zamani. Robert Hooke wa Uingereza alilichunguza katika karne ya 17, kabla ya mtu yeyote kuota trekta. Shafti ikipitia kros moja iliyopinda, upande wa kuingia unazunguka sawasawa, lakini upande wa kutoka unakimbia na kusita, unakimbia na kusita, mara mbili kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 20, pi-ti-o inazunguka 540 bila kubadilika, na upande wa pili wa kros unapanda hadi 575 na kushuka hadi 507.

Dawa yake ni kros ya pili. Ikifungwa vizuri, kila pale ya kwanza inapokimbia ya pili inasita kwa kiasi kilekile, na giaboksi inapokea 540 iliyotulia. Kuna masharti mawili. Kwanza, pembe za kros zote mbili ziwe sawa, na hilo hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza toplinki, yaani mkono wa juu unaoishika slasha nyuma ya trekta, mpaka kishafti cha giaboksi kielekee sawa na kishafti cha trekta. Pili, zile uma mbili zilizo kwenye shafti yenyewe, moja kila ncha, lazima zilale upande mmoja. Shafti ikilala chini, uma zote zilale au zote zisimame.

Mama akamwita msichana achuchumae na aitazame shafti kwa urefu wake, jicho moja limefumbwa.

"Uma ya huku imelala," msichana akasema. "Ya kule imesimama."

"Basi umeshapata."

Bomba za shafti ile zilikuwa za umbo la mraba. Bomba ya mraba inaingia ndani ya mwenzake kwa namna nne, mbili sahihi na mbili mbaya. Aliyebadilisha kros njiani aliivuta ikatoka, akamaliza kazi yake, akairudisha kwa namna mbaya. Kros ya pili badala ya kutuliza ya kwanza ikawa inaiongezea, na kwa pembe ileile ya digrii 20 giaboksi ilikuwa inapokea kati ya 477 na 612, ikirushwarushwa mara 18 kila sekunde. Meno ya gia hayastahimili mchezo huo kwa muda mrefu.

Mama aliivuta bomba, akaizungusha robo, akairudisha. Kisha akachukua chaki na kupiga mstari mmoja mrefu juu ya bomba zote mbili, ili siku nyingine yeyote atakayeitoa aone mstari umekatika.

Dereva akataka sasa wavifungue visu pia, wamalize yote kwa pamoja. Mama akakataa. "Tukibadilisha vitu viwili kwa mara moja, ikipona hatutajua ni kipi kilichoiponya. Ikizidi, hatutajua ni kipi kilichoiharibu." Watu wote wakapelekwa nyuma ya madarasa, magogo yakaondolewa, ufunguo ukatoka mfukoni. Slasha ikazungushwa, ikainuliwa, ikashushwa.

"Nikiinua haizidi tena," dereva akasema aliposhuka. "Lakini chini bado."

"Vizuri sana," mama akasema, kama mtu aliyeletewa habari njema. Na zilikuwa habari njema, kwani kati ya magonjwa mawili umebaki mmoja, na umejulikana uliko.

Ufunguo ukarudi mfukoni, magogo yakarudi, na baada ya kungoja tena, visu vikafunguliwa. Msichana akavipokea kimoja kimoja na kuvifuta udongo. Kile kipya kilikuwa na pembe kali na tundu la mviringo safi. Kile cha zamani ncha yake ilikuwa imelika ikawa ya duara, kwa sababu mchanga na mawe ya Mbeere hukisaga kisu kama tupa, na tundu lake la bolti lilikuwa limerefuka na kuwa umbo la yai. Ukiliona tundu la namna hiyo, kisu hicho kimekwisha hata kama makali yake bado yanakata.

"Kavipime," mama akasema.

Mizani iliyo karibu ilikuwa ya bucha. Mwenye bucha akatandika gazeti, visu vikapimwa kimoja baada ya kingine. Tofauti ilikuwa gramu 240, chini ya robo kilo ya nyama.

Gramu 240 zinasikika kama kitu kidogo. Chukua daftari. Nguvu inayovuta kuelekea nje inapatikana kwa kuzidisha uzito kwa kilo, umbali kutoka katikati kwa mita, na mraba wa kasi ya mzunguko. Mizunguko 1,000 kwa dakika ni kama radiani 105 kwa sekunde, na mraba wake ni karibu 11,000. Uzito uliopotea ulikuwa karibu na ncha, tuseme sentimita 70 kutoka katikati. Basi: 0.24 mara 0.7 mara 11,000, unapata kama newtoni 1,848. Gawa kwa 9.8 ili uone ni uzito wa kilo ngapi. Ni kama kilo 189. Gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa hiyo slasha ile ilikuwa inavutwa na magunia mawili ya mahindi yanayoizunguka, mara kushoto, mara mbele, mara kulia, mara nyuma, mara 17 kwa sekunde.

Na angalia tena ule mraba. Ukipunguza kasi hadi nusu, nguvu haipungui nusu, inashuka hadi robo: kilo 47. Ndiyo maana dereva alipopunguza mafuta aliona kama slasha imepona. Haikupona hata kidogo. Angeendelea polepole siku nzima, bolti na beringi zingekuwa zinapigwa na kilo 47 badala ya 189, na nyasi zingeng'olewa badala ya kukatwa, maana kisu kinahitaji mbio ili kikate.

Unaweza kuliona jambo hili nyumbani bila trekta. Pindua baiskeli isimame juu ya kiti na usukani. Lizungushe gurudumu la mbele lisimame lenyewe, uone linaposimama. Sasa funga jiwe dogo kwenye spoki moja karibu na rimu. Ukilizungusha, jiwe litasimama chini kila mara, na ukilizungusha kwa nguvu baiskeli yote itaanza kucheza. Funga jiwe la uzito huohuo upande unaotazamana nalo, na baiskeli itatulia. Toa vidole kwenye spoki kabla ya kuzungusha.

Dereva alipoelewa, akapata wazo. Kwa nini asimpelekee fundi wa kuchomelea kile kisu cha zamani, kikaongezewa kipande cha chuma cha gramu 240? Lingekuwa rahisi, na pesa zingebaki. Mama akamwangalia kwa upole lakini jibu lake halikuwa na upole. Chuma cha kisu kimetiwa ugumu kwa moto uliopimwa kiwandani. Ukikichomelea, pale penye joto panabadilika na kuwa tayari kuvunjika. Kumbuka kilomita 280 kwa saa. Kipande kikiachia kwa mwendo huo, hakichagui kinakokwenda. Kwa hiyo visu vinanunuliwa viwili, vya aina moja, pamoja na bolti zake, na vinafungwa siku moja. Kununua kimoja ili kubana matumizi ndiko kulikoanzisha mtetemo wa Ijumaa.

Visu vikiwa vimetolewa, mama hakuyapuuza maneno ya getini. Alichomeka kijiti ardhini kikiwa kinakaribia kugusa ukingo wa sahani, akaizungusha sahani kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na ukingo haikubadilika mzunguko wote, kwa hiyo sahani haikupinda. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akaisukuma juu na chini kwa nguvu. Haikucheza, kwa hiyo beringi za giaboksi zilikuwa nzima. Wale waliosema beringi na kisiki hawakusema upuuzi, siku nyingine mmoja wao angekuwa sahihi. Ila beringi na kisiki hupimwa kwa dakika chache bila kununua chochote.

Kisha akamulika tochi juu ya sahani, pale shafti ya giaboksi inapotokea. Palikuwa na pete nyeusi inayong'aa. Msichana alidhani ni sehemu ya mashine. Mama akaikata kwa wembe na kuichambua, ikawa nyuzi: kamba ya nailoni ya gunia, iliyookotwa na visu mahali fulani, ikajizungusha, ikapata joto, ikayeyuka na kuwa kitu kimoja. Ilikuwa imeanza kuila oili sili, ile pete inayozuia oili isivuje, na vumbi la hapo lilikuwa limelowa. Kamba ile haikuwa na hatia ya mtetemo. Lakini kabla ya mvua za Machi giaboksi ingekuwa imekauka oili, na gia zingesagana chuma kwa chuma. Kule Timau, penye marobota ya nyasi, kamba za kufungia marobota hufanya madhara hayohayo, tena nyasi ndefu zenye maji nazo hujizonga pamoja nazo.

Kros ya upande wa slasha, ile ambayo haikubadilishwa, ilikuwa na unga mwekundu pembeni mwa vikombe vyake. Ni unga mwepesi, kama pilipili ya kusaga. Ukiuona, ujue grisi ilikwisha zamani na vijiti vya beringi ndani yake vinageuka kuwa kutu. Grisi mpya haiwezi kuifufua kros ya namna hiyo. Hubadilishwa, kisha mpya hutiwa grisi kila baada ya saa nane hadi kumi za kazi, yaani kila siku ya kufyeka.

Kulikuwa na jambo la mwisho, na hili mama hakulijadili na dereva, alimwagiza. Shafti ilikuwa uchi. Kinga ya plastiki inayoifunika ilivunjika siku nyingi na haikurudishwa, kama ilivyo kwa trekta nyingi unazoziona barabarani. Bomba yenye unene wa sentimita sita, ikizunguka mara 9 kwa sekunde, inakunja kitambaa cha zaidi ya mita moja na nusu kwa sekunde moja. Huo ni urefu wa leso nzima. Hakuna binadamu anayeweza kujivua leso au kofia ya sweta kwa sekunde moja.

Kesho yake asubuhi dereva alirudi kutoka mjini Embu na visu viwili, bolti mbili, kros moja na kinga mpya ya shafti. Msichana alivipeleka visu kwenye bucha kabla havijafungwa, bila kuambiwa na mtu. Vilikuwa sawa. Vikafungwa, bolti zikakazwa kwa spana ndefu, na kila kisu kikasukumwa kwa mkono kuhakikisha kinacheza. Kros ikatiwa grisi, toplinki ikarekebishwa, kinga ikavalishwa shafti na mnyororo wake ukafungwa ili isizunguke. Watu wakaenda nyuma ya madarasa. Dereva akaanza na mafuta kidogo, akapandisha polepole mpaka 540, na kioo cha pembeni kikaonyesha mlingoti wa bendera mmoja, sio miwili.

Uwanja uliisha kabla ya saa saba.

Nawe, msomaji wangu wa Kiritiri, Timau, Nkubu au popote ulipo: shule ikifungua na ukute trekta inafyeka, kaa mbali nayo angalau mita 100, kwa sababu slasha nzima kabisa bado inaweza kuokota jiwe na kulirusha mbali kuliko unavyodhani. Usipande juu ya slasha, usining'inie kwenye trekta, usiruke juu ya shafti inayozunguka. Na ukiiona inatetemeka, mpungie dereva mikono kutoka mbali mpaka akuone, kisha umwambie azime, angoje visu visimame, na akavipime.